Hitilafu ya Saa Moja Asubuhi

"Babu, huyu Hitilafu ni nani?"

Mjukuu alikuwa na miaka minane alipouliza, mdomo umejaa mkate, miguu inaning'inia kwenye kiti. Sebule ilifurika watu waliokuja kumpa Bibi pole, na kwa muda mrefu alikuwa akisikia jina lile lile: hitilafu ndiyo iliyomponza mama wa watu, isingekuwa ile hitilafu Bibi angekuwa na miguu yake yote miwili. Mtoto akapiga hesabu zake. Mtu mbaya kiasi hicho lazima ana sura, na lazima ana kwao.

Wageni walicheka mpaka shangazi mmoja akapaliwa na chai. Bibi mwenyewe, mguu mmoja umelazwa juu ya mto na mwingine umeishia chini ya goti, alicheka kuwashinda wote. "Akipatikana mniletee," akasema, "nimshonee suruali ya mguu mmoja."

Babu hakucheka. Aliweka kikombe chini, akasema anakwenda kuangalia kama geti limefungwa, na hakurudi mpaka mgeni wa mwisho alipoaga. Geti la nyumba ile halikuwa na hata komeo.

Ili kuelewa kwa nini swali la mtoto lilimtoa mtu mzima kwenye kiti chake, inabidi tuanzie dirishani.

Kwa miaka thelathini na moja Babu alifanya kazi nyuma ya dirisha dogo la hospitali, lile lenye tundu la nusu duara ambalo wagonjwa huliinamia kana kwamba wanaungama. Nyuma yake kulikuwa na chumba kirefu chenye rafu za chuma, zimejaa mafaili ya rangi ya udongo toka sakafuni hadi darini, kila moja na namba yake ubavuni kwa wino mzito. Chumba kilinuka karatasi kuukuu na dawa ya mende. Kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mzee Faili, hata kabla hajawa mzee.

Mgonjwa akija bila kadi, wengine humfukuza akaitafute. Mzee Faili yeye alikunja uso kidogo, akamtazama, akasema, "Wewe si yule uliyejifungua mapacha mwaka ule bomba la wodini lilipopasuka? Subiri." Akapanda kigoda, akanyoosha mkono, faili likashuka. Madaktari walimwogopa. Ukichukua faili bila kusaini daftari lake, angekufuata hata ukiwa kantini.

"Mzee Faili, hata chai siruhusiwi kumaliza?"

"Maliza, daktari. Mimi nimesimama tu hapa, nakutolea macho."

Kwa hiyo kompyuta zilipoingia, na rafu zikaanza kuondolewa moja moja kama meno, kila mtu alidhani habari yake imekwisha. Badala yake utawala ukampa meza mpya nyuma ya dirisha jingine, karibu na kliniki ya sukari, na kiti chenye magurudumu ambacho siku ya kwanza tu kilimtupa chini. Siku ya pili alikuja akayafunga yale magurudumu kwa bandeji.

Kazi yake mpya ilikuwa hivi. Wagonjwa wa sukari wangepewa mashine ndogo ya kupimia nyumbani. Mgonjwa anajitoboa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kijiti, mashine inatoa namba. Namba hiyo anaiandika kwenye programu iliyo ndani ya simu yake, pamoja na saa aliyopima, na simu inaituma hospitalini, moja kwa moja mpaka kwenye faili lake la kompyuta. Daktari anaiona hata kabla mgonjwa hajafunga safari. Kilichohitajika ni mtu ambaye wazee wanamwamini, awaandikishe na kuwaelekeza. Nani mwingine?

Mwenye kuijua mitambo alikuwa Kijana wa Kompyuta, mwembamba, mwenye haraka, anayeongea huku anatazama kwingine. Alimfundisha Mzee Faili kwa saa mbili, kisha akamwambia mbele ya watu, "Mzee, ukikwama popote niite. Usibuni." Lile neno *usibuni* lilimchoma. Miaka thelathini na moja, halafu mtoto aliyezaliwa juzi anamwambia asibuni!

Lakini kazi yenyewe aliipenda. Faili linalojijaza lenyewe! Alirudi nyumbani akawasimulia wote, akasimulia tena. Na mtu wa kwanza kumwandikisha alikuwa mke wake.

Bibi alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kwenye chumba cha mbele, cherehani cha kukanyaga kwa miguu, na ukipita nje ulijua ni msimu gani wa mwaka kwa kasi ya kile kikanyagio. Sukari alikuwa nayo miaka sita na hakuipa heshima yoyote. Kila asubuhi, saa moja, kabla hata ya kupiga mswaki, alijitoboa kidole, akaandika namba yake kwenye simu, akasoma kwa sauti.

"Leo tisa."

"Wanaiona," Babu alijibu toka chumbani, akifunga vifungo vya shati.

Sasa, programu ile iliuliza saa. Simu haiwezi kujua umejitoboa saa ngapi, inajua tu umeandika saa ngapi, na wazee wengi walipima kwanza, wakaandika baadaye wakishatulia. Ndipo siku moja, foleni imefika mpaka kwenye ngazi, Mwalimu mmoja mstaafu akainama dirishani na simu mkononi.

"Samahani. Hapa nimeulizwa saa. Juu ya simu imeandikwa saba, na mimi najua ni saa moja. Niandike ipi?"

Mzee Faili hakuwahi kuulizwa hilo. Karatasi ya maelekezo haikuwa nalo. Angeweza kunyanyua simu ya mezani na kumwita Kijana, na hata mkono wake ulisogea kidogo. Akauona moyoni uso wa Kijana. Mkono ukarudi.

"Mwalimu, ukiamka asubuhi na mama akakuuliza ni saa ngapi, unasemaje?"

"Nasema saa moja."

"Basi andika kama unavyoisema. Simu imenunuliwa ikutumikie wewe, siyo wewe uitumikie yenyewe."

Foleni nzima ikacheka na kukubali. Neno likawa lake. Kila aliyeuliza aliambiwa hivyo hivyo, mpaka akachana kipande cha jalada la zamani, akaandika kwa wino mzito ANDIKA KAMA UNAVYOISEMA, akakitundika dirishani. Watu arobaini na mmoja wakawa wanaandika hivyo, akiwemo Bibi, ambaye tangu siku ya kwanza aliandika moja.

Hapa mtu atasema, lakini hili hata mtoto wa darasa la pili analijua! Sisi tunaanza kuhesabu saa jua likichomoza, mashine inaanza usiku wa manane. Saa moja yetu ya asubuhi ni saba yake. Ukiandika moja, ukabonyeza asubuhi, mashine inaelewa saa saba ya usiku, watu wote wamelala. Ni kweli, kila mtu anajua. Labda ndiyo sababu hakuna aliyelifikiria: tumezoea kupunguza na kuongeza sita kichwani bila kujiona, kama mtu anavyokwepa kizingiti cha nyumbani kwake gizani.

Ila mashine haina kizingiti kichwani. Ilipoona namba ya saa moja ya Bibi, iliiweka kwenye vipimo vya usiku. Na hapo ndipo penye ubaya. Kwa mtu ambaye hajala tangu jana, tisa au kumi ni kengele. Kwa kipimo cha saa nyingine yoyote, usiku ukiwemo, huenda mtu kala muda si mrefu, kwa hiyo tisa au kumi haimshtui mtu. Mashine ilipangwa ipake rangi nyekundu namba za kutisha, na daktari, kwa wingi wa wagonjwa, aliangalia nyekundu tu. Za Bibi zilibaki nyeusi, siku baada ya siku, na dawa yake ikabaki ile ile.

Mwezi wa nne wa mpango ule, Sista wa kliniki ya sukari, mwanamke asiyeweza kupita mlangoni bila kutupa neno, alichungulia chumbani kwa Mzee Faili.

"Mzee Faili, hivi hawa wazee wako hawalali?"

"Wamefanya nini tena?"

"Kila nikifungua kompyuta, wamepima sukari saa saba ya usiku. Karibu wote! Nikasema labda wana kikao cha siri."

"Usingizi wa uzeeni wautoe wapi, binti yangu? Ngoja ufikie umri wetu, utajua usiku una urefu gani."

Wakacheka wote wawili. Sista akaenda zake, viatu vyake vikilia kwenye sakafu iliyopigwa deki. Mzee Faili aliendelea kucheka peke yake, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Saa saba ya usiku. Akahesabu kwa vidole chini ya meza, kama mwanafunzi anayeibia. Akainua macho kutazama mgongo wa lile jalada dirishani.

Alielewa. Tusimwonee, hakuelewa moja kwa moja kwa kichwa. Alielewa kwa tumbo, kama mtu aliyekwisha kupanda gari, likashika mwendo, ndipo anahisi ameacha jiko linawaka. Ili kuhakikisha ilibidi amuulize Kijana wa Kompyuta, yaani akubali kwamba alibuni. Na kama ni kweli, watu arobaini na mmoja waitwe upya, mbele ya foleni ile ile iliyocheka naye. Akasema moyoni, nitamuuliza Jumatatu. Jumatatu umeme ulikatika na kazi zikarundikana. Jumanne Kijana hakuwepo. Jumatano alikuwepo, alipita karibu kabisa na ile meza, na Mzee Faili akajikuta anatafuta stepla kwenye droo. Kufika wiki iliyofuata tumbo lilikuwa limenyamaza.

"Leo kumi," Bibi alisema asubuhi moja.

"Wanaiona."

"Siku hizi ni kumi tu. Kumi, kumi na nusu."

"Kungekuwa na shida wangekuita, mama watoto." Akavaa koti, akatoka haraka kuliko kawaida yake.

Mwezi wa saba wa mpango, kiatu kipya kilimchubua Bibi kisigino. Kidonda hakikuzidi kifungo cha shati. Hakikumuuma, na hilo nalo lilikuwa dalili, ila nani wa kulijua? Msimu wa kufungua shule ulikuwa umewadia, oda za sare zimejaa hadi juu ya kabati. Alikifunga kitambaa, akaendelea kukanyaga. Wiki ya tatu kisigino kikawa cheusi.

Daktari alikifungua, akakitazama, kisha akageukia kompyuta. Mzee Faili alisimama mlangoni na lile faili la zamani la mke wake mkononi. Hakuna aliyemwomba alilete. Alilitoa tu kwenye rafu chache zilizobaki, kwa mazoea.

"Mama, vipimo vyako vya asubuhi viko wapi? Hapa naona vya usiku vitupu."

"Usiku upi?"

"Saa saba. Hii hapa, saa saba usiku. Jana saa saba usiku. Juzi hivyo hivyo."

"Daktari, saa saba ya usiku mimi ni gogo, muulize huyo hapo mlangoni, anajua ninavyokoroma. Mimi napima saa moja asubuhi. Nimeandika mwenyewe: moja."

Daktari aliinua mkono kutoka kwenye kibao cha herufi. Taratibu akaanza kupandisha orodha kwa kidole, miezi saba ya tisa na kumi, zote nyeusi. Zote zilipaswa kuwa nyekundu.

Mguu ukakatwa chini ya goti.

Baada ya hapo Mzee Faili alifanya kila kitu ambacho angeweza kufanya, isipokuwa kimoja. Aliling'oa lile jalada dirishani. Aliwapigia wagonjwa arobaini waliobaki, mmoja mmoja, kwa siku mbili, mpaka sauti ikamkauka.

"Kwa hiyo nilikuwa nakosea?" Mwalimu mstaafu aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Nilikukosesha mimi. Niwie radhi."

"Ah, mzee mwenzangu, nani angejua?"

Hilo ndilo walilosema wote. Nani angejua. Wanane walikutwa na namba mbaya wakabadilishiwa dawa mapema, wakaepuka madhara. Kijana wa Kompyuta alikuja kurekebisha programu, na marekebisho yenyewe yalikuwa mafupi ya kutia aibu: saa ikaondolewa kabisa, mahali pake pakawekwa swali, *Umeshakula?* Ndiyo, au Bado. Basi. Muda wote huo hospitali haikutaka kujua saa, ilitaka kujua kama mtu ameshakula. Kijana alipomaliza alimtazama Mzee Faili, na mzee akasubiri lile neno. Kijana akasema tu, "Pole na mgonjwa, mzee." Afadhali angemtukana.

Utawala ukaandika ripoti: *kutokana na hitilafu ya mfumo katika usomaji wa saa.* Ukurasa mmoja, muhuri safi. Mzee Faili aliitwa asaini kama shahidi. Aliisoma mara mbili akimtafuta Sista ndani yake, na kile kicheko, na Jumatatu, na stepla. Havikuwemo. Sista alikuwa amehamishiwa wodi ya watoto, utani wake wa mlangoni ameshausahau. Duniani alibaki mtu mmoja tu anayeukumbuka. Akasaini.

Hivyo hitilafu ikaingia nyumbani, ikapewa kiti. Watoto wake waliizungumzia, majirani waliizungumzia, na mjukuu akauliza ni nani.

Miezi ya kwanza, kabla ya kupata mota, cherehani kilimshinda Bibi. Mguu mmoja ulichoka upesi, na mguu wa bandia haukusikia kikanyagio. Babu akakaa sakafuni, chini ya meza ya cherehani, akawa anakibonyeza kile kikanyagio kwa mikono miwili huku mke wake anaongoza kitambaa juu.

"Taratibu, mzee! Unakanyaga kama umefukuzwa na nyuki."

"Hivi?"

"Hivyo. Sasa simama. Nimesema simama! Hii ni kola ya mtoto wa watu, unataka niishone mpaka kwenye sikio?"

Kutoka pale chini aliuona mguu mmoja wenye ndala, na pembeni yake pindo la gauni lililoning'inia tupu. Siku moja aliacha kubonyeza.

"Mama watoto."

"Naam."

Juu, mkasi uliwekwa mezani.

"Naam, mzee. Nini?"

"Nadhani uzi umeisha."

"Haujaisha. Bonyeza."

Akabonyeza. Mara ngapi alifika hapo hapo akageuka, yeye mwenyewe hajui. Msamaha aliuomba kwa mikono tu: alimchemshia maji ya kuoga, alimpaka mafuta mguu uliobaki, akaukagua kila jioni kwa tochi, ukucha kwa ukucha. Bibi aliwaambia wenzake kuwa kukatwa mguu kumempatia mume mpya. Maneno kama hayo yalimtesa kuliko lawama.

Ilipita miaka minane. Babu alikwishastaafu na mjukuu yuko sekondari, akiandika vizuri kuliko wote nyumbani, ndipo barua ya hospitali ikaja. Mpango ule wa simu ulikuwa unapelekwa kwenye kliniki nyingine tano. Makarani watakaowaandikisha wagonjwa wangekutana wafundishwe, na hospitali ilimwomba Mzee Faili azungumze nao, awape moyo, aeleze walivyoanza.

Wakakaa mezani chumba cha mbele, yeye anasema, mjukuu anaandika. Bibi alikuwa kwenye cherehani chake, mota inanguruma, anaunga mikono ya shati. Hotuba ilitoka vizuri. Mjukuu alicheka walipofika kwenye habari za kile kiti kilichofungwa bandeji, na akaomba arudie habari za kantini.

"Endelea, Babu. Halafu?"

"Halafu," Babu akasema, "ikatokea hitilafu ya mfumo katika usomaji wa..."

Mjukuu alisubiri kalamu ikiwa juu ya karatasi. Babu aliitazama ile sentensi aliyokwisha kuianza kwa mwandiko wa mtoto. Aliwafikiria makarani watano au sita, vijana, kila mmoja na dirisha lake. Ipo siku mtu atawapitia mlangoni na kuwatupia utani, na wao wanakwenda kuambiwa kwamba ni mfumo.

"Yafute hayo," akasema. Kisha akageuka. "Mama watoto, zima mota kidogo."

"Nimebakiza mkono mmoja tu."

"Zima, tafadhali."

Kitu fulani kwenye sauti kilimfanya Bibi azime. Akaweka shati mapajani, akamtazama mumewe, na mjukuu akawatazama wote wawili, asijue aiweke wapi kalamu.

"Uliniuliza Hitilafu ni nani," Babu alimwambia mjukuu, ingawa macho yake yalikuwa kwa mke wake, "nikaenda kuangalia geti. Sasa andika. Mashine haikuambiwa na mtu yeyote kwamba inakosea. Mimi niliambiwa. Miezi mitatu kabla ya ule mguu, Sista alisimama mlangoni kwangu akaniambia, nikacheka, halafu nikaelewa, halafu nikanyamaza kwa sababu niliona haya. Ni mimi, mama watoto. Nilikuwa nakusikia kila asubuhi ukisema kumi, na mimi najua."